Toti ya fedha na neno kufua

Jana nimechelewa kulala, nilikuwa naangalia picha za vyombo vya baa vya fedha vilivyotengenezwa Chicago kwenye karakana ya Kalo, na kuna kimoja nimekirudia kama mara kumi, kikombe kidogo tu cha kupimia pombe, kile sisi wa kaunta tunakiita toti. Nimeshika toti miaka sita sasa, ya kwetu ni ya stili, imebonyea huku na huku kwa kuangushwa. Hii ya Kalo nayo ukiitazama karibu haiko laini, ila yale ni mapigo ya nyundo, moja moja, yameachwa makusudi yaonekane.

Mwenye karakana alikuwa mwanamke, Clara Barck, akaja kuolewa akawa Clara Barck Welles. Kaianzisha mwaka 1900, ndo kwanza kamaliza kusomea sanaa hapohapo Chicago, na jina kalitoa kwenye neno la Kigiriki la uzuri. Walianza na kazi za ngozi na vitu kama hivyo, fedha ikashika kasi baada ya yeye kuolewa 1905 na karakana kuhamia Park Ridge, mji wa pembeni ya Chicago, pamoja na shule. Kafundisha wasichana hiyo kazi, kaajiri na mafundi wanaume, wengi wahamiaji kutoka Skandinavia. Kwahiyo yeye zaidi alichora, nyundo nyingi walipiga wengine, na kwangu hilo halimpunguzii kitu.

Kinachonikaa kichwani ni neno kufua, maana ndo kazi ya hao mafundi, kugonga fedha kwa nyundo. Bibi yangu kafua nguo za watu mpaka vidole vikakakamaa, na mtaani kwetu kulikuwa na mzee anafua visu na majembe, neno ni lilelile, ila hakuna aliyewahi kuniambia naweza kukaa kwenye fuawe, kile chuma wanachogongea. Na fedha inataka subira jamani, ukiigonga inakuwa ngumu, ukilazimisha inapasuka, inabidi uirudishe motoni ilainike ndo ugonge tena, hivyohivyo mpaka bamba lililokuwa bapa liwe kikombe.

Mwaka 1959 Clara kawaachia duka wafanyakazi wanne waliobaki, nao wakaendelea mpaka 1970.

Chini ya vyombo vyao kuna muhuri, jina la Kalo na maneno kwamba kimefuliwa kwa mkono. Leo mchana wakati napanga glasi nimeigeuza toti yetu nikaangalia kitako. Kuna namba ya mililita tu.