Nilivyozipa tarehe katuni za mzee wangu

Nimechoka kuambiwa kwamba katuni za magazeti ya zamani hazikuwa na siasa, na nimechoka zaidi kuambiwa kwamba mchoraji akishageuka msimamo basi kazi zake zote zichomwe moto. Kauli zote mbili hutolewa na watu ambao hawajawahi kuzipanga mezani kazi za mtu mmoja kwa mfuatano wa tarehe. Mimi nimezipanga, nyumbani kwetu Sakina, Arusha, na ninajivunia kazi hiyo, hasa kwa kuwa karibu kila niliyemwomba ushauri alinielekeza kwenye njia ya kuziharibu.

Marehemu mzee wangu alikuwa mtunza stoo katika hoteli moja ya mjini, na magazeti yaliyoachwa na wageni hayakumpita. Alikata katuni za Kiingereza na za Kiswahili bila ubaguzi, akazibandika kwenye kaunta buku kwa gundi ya unga wa ngano ambayo mama aliipika jikoni. Humo wamo Charlie Brown na mbwa wake Snoopy, yumo Dilbert na bosi wake asiyejua kazi, yumo Chakubanga wa gazeti la Uhuru, aliyechorwa na Christian Gregory, na yumo Kingo wa James Gayo. Kitu ambacho mzee hakukiandika popote ni tarehe.

Za Kimarekani hazikunisumbua. Ukisogeza kioo cha kukuzia kwenye nafasi kati ya picha moja na nyingine, utaona maandishi madogo yaliyosimama wima, yenye jina la kampuni iliyosambaza katuni na mwaka wa hakimiliki, na karibu yake tarakimu za mwezi na siku, mwezi ukitangulia. Mwenye kujua hilo akikuta 7-31 na mwaka 1968 kwenye katuni ya Charles Schulz, ajue ameshika siku ile ambayo Franklin, mtoto mweusi wa kwanza katika kundi la Charlie Brown, alitokea, miezi michache baada ya Martin Luther King kuuawa, kufuatia barua ya mwalimu mmoja wa California aliyemsihi Schulz amwingize.

Kazi ilikuwa kwenye za Kiswahili. Nyingi hazina tarakimu hizo, na njia pekee ni kusoma habari zilizochapwa nyuma ya kipande. Lakini nyuma ndiko kulikopakwa gundi. Mwenye steshenari alinihakikishia kwamba nikizipitisha kwenye leminesheni zitadumu milele, kana kwamba shida yangu ilikuwa kudumu na siyo kusoma. Baba mdogo akashauri mvuke, na kwa kuwa ni mkubwa wangu, nilimtii. Tulishikilia ukurasa mmoja juu ya sufuria ya maji yanayochemka. Gundi ililainika kweli, lakini karatasi ya gazeti, ambayo kwa asili ni dhaifu na huzidi kuoza kadiri inavyogeuka rangi ya chai, ililainika mapema zaidi. Kona ikabaki kwenye vidole vya baba mdogo na wino wa mistari ya kaunta buku ukachuruzika juu ya uso wa Chakubanga. Ukurasa huo ninao bado, na kila anayenitajia mvuke humwonyesha.

Njia iliyofaulu niliigundua nilipokuwa ninatafuta matundu ya wadudu. Niliuinua ukurasa kuelekea dirishani na nikaona, upande wa pili wa karatasi ya daftari, herufi zilizonyooka. Bahati yetu ni kwamba mzee alibandika upande mmoja tu wa kila karatasi, kwa hiyo ukitazama kutoka upande mtupu huku mwanga ukitokea upande wa katuni, maandishi ya nyuma ya kipande husomeka vizuri bila kugeuka. Nilichukua kioo cha fremu ya picha, nikakiegemeza juu ya matofali mawili, nikawasha tochi ya simu moja chini yake, nikalaza ukurasa katuni ikitazama chini, kisha nikapiga picha kwa simu nyingine kutoka juu. Pale wino mweusi wa mchoro ulipozuia, nilisogeza tochi upande hadi neno lijitokeze, halafu nikaongeza weusi wa picha kwenye simu. Chumba kiwe na giza kweli. Pazia halitoshi, tundika blanketi.

Hapo ndipo ubishi wa siku nyingi katika familia yetu ulipokwisha. Kuna mchoraji mmoja, sitamtaja, ambaye katuni yake moja inawaonyesha wapinzani kama majogoo yanayodonoana huku vifaranga vikifa njaa. Baba mdogo aliapa kwamba ni ya uchaguzi wa 1995, na kwamba mchoraji huyo aliudharau upinzani tangu siku ya kwanza. Tochi ilitoa majina manne: Mkapa, Lipumba, Mrema, Cheyo. Baba mdogo akapiga makofi. Lakini wagombea urais wa 1995 ndio hao hao wanne waliorudi mwaka 2000, na majina peke yake hayaamui lolote. Kilichoamua ni herufi tatu kwenye mabano, pembeni ya jina la Mrema: TLP. Mwaka 1995 Mrema aligombea kwa chama cha NCCR-Mageuzi. TLP, chama alichohamia baadaye, ni 2000. Kisha nikapata kipande kingine cha mkono ule ule, chenye NCCR nyuma yake, ambamo wapinzani ni mafundi wanaolikwamua basi la abiria lililozama kwenye matope. Kumbe yule bwana aliwaamini, kisha ndani ya miaka mitano akakata tamaa. Hiyo ni habari tofauti kabisa na ya mtu aliyewadharau tangu mwanzo.

Baada ya hapo nilivisoma upya hata vitabu vya katuni nilivyonunua kwenye mitumba. Mmarekani Al Capp, aliyeanza katuni ya Li'l Abner mwaka 1934, kwa miaka mingi aliwacheka matajiri na wakubwa. Ilipofika 1967 alikuwa anamchora mwimbaji Joan Baez kama mnafiki na kuwakejeli wanafunzi waliopinga vita vya Vietnam. Harold Gray, mchoraji wa katuni ya yatima Annie, aliyemchukia Rais Roosevelt wa Marekani, alimfisha tajiri Warbucks, mlezi wa Annie, mwaka 1944. Roosevelt alifariki Aprili 1945, na mwaka huo huo Warbucks akarudi akiwa hai. Asiyejua tarehe ataona ni hadithi ya kitoto tu. Hergé naye, katika gazeti la Ubelgiji, alimfanya Tintin, kijana mwandishi wa habari katika katuni zake, awafundishe watoto wa Kongo kuhusu nchi yao iitwayo Ubelgiji. Alipoichora upya hadithi hiyo mwaka 1946, somo likawa hesabu za kujumlisha.

Mpwa wangu alikuja na hoja nzito kuliko zote. „Mjomba, za Dilbert zitoe,” alisema, akikumbuka kwamba Februari 2023 mchoraji wake, Scott Adams, aliwashauri Wazungu wakae mbali na watu weusi, na magazeti mengi ya Marekani yakamwacha. Maneno yale yaliniuma, na sikumtetea. Hata hivyo vipande vya mzee ni vya miaka ya tisini, mwaka umeandikwa kwenye kila kimoja, na mzee alivicheka kwa sababu alimfahamu bosi wa namna ile. Nimeviacha mahali pake, na mwisho wa daftari hilo nimeweka karatasi inayoeleza yaliyotokea 2023.

Gharama ilikuwa rimu moja ya karatasi nyeupe za kutenganisha kurasa na sanduku la bati la zamani, elfu thelathini hivi zote kwa pamoja. Sanduku lisikae sakafuni, kwa ajili ya mchwa, na selotepu isiguse karatasi hata kidogo. Zilizobaki bila tarehe ni za Chakubanga, ambazo nyingi zina matangazo ya biashara tu upande wa nyuma. Hizo ninazilinganisha kwa bei za bidhaa, na baba mdogo ndiye anayeshika tochi.