Martha Karua: wakili aliyeingia Bunge na sheria mkononi

Ukitaka kuelewa siasa za Martha Karua, mwanasiasa wa Kenya, anza na kazi yake ya mahakamani. Alizaliwa 1957 Kirinyaga, akasoma sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, na kuanzia 1981 akawa hakimu. Alisimamia mahakama za Makadara, kisha Kibera. Mwaka 1987 aliacha uhakimu akafungua ofisi yake ya uwakili. Miongoni mwa kesi alizochukua ni ile ya uhaini iliyomkabili Koigi wa Wamwere, wakati ambapo kumtetea mpinzani wa serikali kulikuwa kujitafutia balaa.

Mwaka 1992, vyama vingi viliporejea, aligombea ubunge wa Gichugu kwa tiketi ya chama cha DP (Democratic Party) na kushinda. Alikishikilia kiti hicho hadi 2013. Alikuwa Waziri wa Maji, kisha wa Haki na Masuala ya Katiba kuanzia 2005. Mapema 2008 alikuwa upande wa serikali katika mazungumzo ya kumaliza ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, yaliyosimamiwa na Kofi Annan. Upande wa pili wa meza aliketi wakili mwingine mzoefu, James Orengo.

Aprili 2009 alijiuzulu, akilalamika kwamba majaji waliteuliwa bila yeye kushauriwa. Mwanasiasa wa kawaida angenuna na kubaki na gari la serikali. Kwa wakili, waziri wa haki asiyejua majaji wanatoka wapi ni waziri wa jina tu. Msimamo huo haukumletea kura: alipowania urais 2013 hakufikisha hata asilimia moja.

Kesi inayofundisha zaidi, hata hivyo, ni yake mwenyewe. Alishindwa na Anne Waiguru katika ugavana wa Kirinyaga 2017, akaenda kortini. Katiba inakupa siku 28 tangu matokeo yatangazwe kuwasilisha ombi la kupinga matokeo, na Sheria ya Uchaguzi inaipa Mahakama Kuu miezi 6 kuliamua, ikihesabiwa tangu siku ya kuliwasilisha. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mahakama Kuu ilitupilia mbali ombi lake kwa kasoro ya uandishi, kabla ya kusikiliza ushahidi. Mahakama ya Rufaa ikalirudisha Machi 2018, likasikilizwa, na Juni likatupwa tena. Alipofika Mahakama ya Juu aliambiwa, mwaka 2019, kwamba miezi 6 ilikuwa imekwisha kabla ya uamuzi wa Juni. Kosa lilikuwa la mahakama, lakini saa iliyokuwa ikienda ni yake.

Hakukubali. Alikwenda Arusha, katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, ambayo Novemba 2020 iliamua kwamba Kenya ilimnyima haki ya kusikilizwa na kuamuru alipwe dola 25,000. Ugavana wenyewe haukuguswa; mahakama hiyo si ya kupokonya mtu kiti. Ndiyo maana wakili wa kesi za uchaguzi huhangaikia kwanza makaratasi ya ombi: likitupwa kwa kasoro ya uandishi, muda unaotumika kukata rufaa haurudishwi.