Jirani hakuwa mlinganishwa sahihi: jinsi nilivyotatua

Tulikuwa Busia, upande wa Uganda, tukitafuta chanzo cha homa ya matumbo. Kila mgonjwa nilimpatia mlinganishwa, yaani mtu asiye na homa wa kulinganishwa naye: umri sawa, jinsia sawa, na tena jirani wa nyumba ya pili. Nilidhani nimefanya kazi safi.

Majibu yakatoka matupu. Maji hayakuonyesha hatari yoyote, nami moyoni sikuamini. Nikarudi kwenye fomu, moja moja. Mama wa miaka 34 na jirani yake: chemchemi ileile, hata jerikeni wanaazimana! Katika ulinganishaji wa jozi, zinazosema kitu ni zile tu ambazo mgonjwa na mwenzake wanatofautiana. Ujirani ulikuwa umefuta tofauti niliyoitafuta.

Nikabakiza umri na jinsia, walinganishwa wapya nikawachagua kwa kura kutoka mji mzima, wawili kwa kila mgonjwa. (Ukipita wanne, faida ni ndogo mno.) Uchambuzi nao nikaufanya kwa rigresheni ya lojistiki ya masharti, hesabu inayompima kila mgonjwa dhidi ya walinganishwa wake mwenyewe, maana ukishalinganisha huwezi kuchambua kana kwamba hukulinganisha.

Safari hii chemchemi ilijitokeza waziwazi. Wiki hiyohiyo tukaanza kugawa klorini pale wanapochotea.