Tangi la maji ya mvua litangulie uzio

Majirani wapya wanaohamia huku kwetu Goba, jijini Dar es Salaam, huuliza swali moja kwa namna nyingi: baada ya kupaua, kuweka milango na madirisha, na kupata vyumba viwili vya kulala, fedha kidogo inayobaki ielekezwe wapi kwanza? Wengine huwaza dari ya jipsamu, wengine marumaru ya sebuleni, na walio wengi huwaza uzio na geti, kwa sababu uzio ndio unaowafanya wapita njia waone kwamba mwenye nyumba ameshahamia. Jibu langu halijabadilika: kabla ya hayo yote, chimbeni tangi la chini la kuhifadhia maji ya mvua. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu dari inaweza kusubiri miaka mitatu bila kuharibu lolote, lakini tangi likisubiri hadi uzio umefungwa na uwanja umetandazwa vitofali, gharama yake huongezeka pasipo faida. Lori la kokoto halitapata njia ya kuingia, udongo unaotoka shimoni utabebwa kwa toroli, na vitofali vilivyolipiwa jana vitang'olewa leo.

Najua kwamba uamuzi huu ni mgumu ndani ya nyumba nyingi, kwa kuwa fedha inayofukiwa ardhini haionekani. Mama mmoja wa mtaa wetu alimwambia mumewe mbele yetu, kwa upole kabisa, "Baba watoto, hilo geti utalifungua wewe asubuhi na jioni, lakini maji nitayatafuta mimi kutwa nzima." Mzee alinyamaza, na wiki hiyohiyo fundi aliitwa kupima. Nimelitaja tukio hilo kwa sababu maamuzi ya ujenzi mara nyingi hufanywa na yule anayeshinda kazini, ilhali matokeo yake humwangukia anayeshinda nyumbani.

Maji ya bomba katika Dar es Salaam hutegemea kwa sehemu kubwa Mto Ruvu, kupitia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Mto ukipungua, hakuna bomba la mtaani litakaloongeza maji ambayo hayapo. Mwishoni mwa mwaka 2022, mvua za vuli zilipochelewa na kina cha Ruvu kikashuka, mgawo wa maji ulitangazwa, na sisi tunaoishi kwenye vilima tulielewa vizuri zaidi maana yake, kwa kuwa msukumo unapokuwa mdogo maji huishia kwa walio bondeni. Siku za namna hiyo boza hupanda bei, na mwenye boza huchagua wateja ambao barabara zao hazina makorongo.

Wapo wanaosema kwamba dawa ya tatizo hili ni kuchimba kisima. Siwapingi wote, maana visima virefu vilivyochimbwa kwa kibali cha bodi ya maji ya bonde na kupimwa ubora wake vimesaidia watu wengi. Wasiwasi wangu ni visima vifupi ndani ya viwanja vyetu vya mita 20 kwa 20. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kwamba kisima kikae angalau mita 30 kutoka shimo la choo. Sasa chukueni kiwanja cha 20 kwa 20, mpime kutoka pembe moja hadi pembe inayoielekea: hamtapata hata mita 29. Maana yake ni kwamba, hata ukiweka choo kwenye pembe hii na kisima kwenye pembe ile, bado umbali hautoshi, na hapo hatujahesabu karo, yaani shimo la majitaka, la jirani wa kushoto, la jirani wa kulia na la yule wa nyuma. Zaidi ya hayo, maeneo mengi ya jiji letu yana maji ya chumvi chini ya ardhi, ambayo hula koki, huharibu hita ya maji ya kuogea, na hayafai kwa chai wala kwa bustani.

Turudi kwenye mvua, na hapa naomba tufanye hesabu badala ya kuiga tangi la jirani. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Paa lipimwe kwa eneo linalofunika ardhi, pamoja na sehemu iliyotokeza nje ya kuta, wala si kwa mteremko wa bati. Nyumba ya mita 12 kwa 10 ina mita za mraba 120. Dar es Salaam hupata takribani milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, hivyo paa hilo hupokea lita 120,000, na tukitoa moja ya tano kwa ajili ya yanayorukia nje, yanayokauka na yanayomwagwa kwa kuwa ni machafu, zinabaki lita 96,000. Familia ya watu sita inayotumia lita 60 kwa kila mtu kwa siku huhitaji lita 360 kwa siku, sawa na zaidi ya lita 131,000 kwa mwaka. Hesabu hii inaonyesha wazi kwamba mvua peke yake haitamaliza mahitaji ya nyumba hiyo, na ni vizuri mwenye nyumba alijue hilo mapema kuliko kuahidiwa na fundi kwamba hatalipa tena bili ya maji. Tangi ni kwa ajili ya kuvuka kiangazi na siku za mgawo, na litapokea maji ya mvua pamoja na ya bomba.

Kwa hiyo, ukubwa wa tangi utokane na siku ambazo mnataka kuzivuka. Tangi lenye urefu wa mita 4, upana wa mita 3 na kina cha maji cha mita 2.5 hubeba lita 30,000, yaani siku 83 kwa familia ile ya watu sita. Kiangazi chetu, kuanzia Juni hadi vuli inapoanza, huwa kirefu kuliko hapo, lakini bomba nalo hutoa maji baadhi ya siku, na kwa nyumba nyingi ninazozifahamu ukubwa huo unatosha. Anayeweza kufika lita 40,000 na afike. Asiyeweza, aanze na simtanki ya lita 5,000 iliyowekwa chini kwenye jamvi imara la zege, huku akiacha nafasi ya tangi kubwa bila kujenga kitu juu yake.

Kuhusu ujenzi, sehemu ambayo sitashauri mtu apunguze gharama ni nondo na zege. Mafundi wengine watapendekeza kuta za tofali za inchi sita zilizopigwa lipu, wakidai kwamba udongo utazishikilia. Tangi likijaa, maji husukuma kuta kwenda nje. Likiwa tupu wakati wa masika, udongo ulioloa husukuma kuta kwenda ndani, na ukuta usio na nondo haukuumbwa kuvumilia misukumo hiyo inayopokezana kila mwaka. Mahali ambapo maji ya ardhini yapo karibu, tangi tupu linaweza hata kuinuliwa kutoka mahali pake. Zege nalo lipewe muda: limwagiliwe maji angalau siku saba, na lisibebeshwe mzigo wote kabla ya siku 28. Kisha, kabla udongo haujarudishwa kuzunguka kuta na kabla fundi hajalipwa fedha yake ya mwisho, tangi lijazwe, muweke alama ya penseli kwenye usawa wa maji, mfunike, na mrudi baada ya siku mbili kuangalia kama usawa umeshuka. Mdomo wa tangi uinuliwe juu ya ardhi kiasi cha kiganja kimoja au zaidi, ili maji yanayotiririka uwanjani yasiingie.

Gata ziwekwe kwa mteremko mdogo, sentimita moja kwa kila mita mbili, na matawi ya mwembe au mwarobaini yanayofika juu ya bati yakatwe. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi hubeba vumbi na kinyesi cha ndege, hivyo kuwe na bomba la kuimwaga pembeni kabla ya maji kuruhusiwa kuingia. Kwa paa la mita za mraba 120, kumwaga lita 100 za mwanzo si hasara. Maji ya kunywa yaendelee kuchemshwa hata yakionekana meupe na safi.

Mbu wanastahili kutajwa peke yao. Mbu anayeeneza homa ya dengue hupenda maji safi yaliyotulia majumbani, na jiji letu limepata milipuko ya ugonjwa huo mwaka 2014 na mwaka 2019. Tangi lisilo na wavu kwenye bomba la kuingizia, la kutolea hewa na la kumwagia maji yaliyozidi huzalisha mbu kwa ajili ya mtaa mzima. Mfuniko uwe mzito na uwe na kufuli, kwa sababu ya mbu na, zaidi sana, kwa sababu ya watoto.

Siku ya kusafisha, asiingie mtu peke yake. Mfuniko ufunguliwe mapema hewa ipite, na pawepo mtu juu anayemwona aliye chini na anayeshika kamba iliyofungwa mwilini mwa huyo aliye chini. Pampu ya petroli isiteremshwe ndani ya tangi kwa hali yoyote, kwa kuwa moshi wake huua kabla mtu hajapata muda wa kupiga kelele. Naomba mwenye nyumba asimamie jambo hili mwenyewe, hata kama kijana aliyeitwa kwa kazi hiyo anasema ameshazoea.

Wale watakaopandisha maji kwenye tangi la juu wakumbuke kwamba lita 1,000 ni tani moja. Mnara wa kubeba lita 5,000 una kazi ya kubeba tani tano, kwa hiyo uchorwe na mtu anayejua nondo, usichomelewe kwa kukisia.

Jambo la mwisho linahusu ujirani, hasa kwa sisi tuliojenga kwenye miteremko. Tangi likijaa mwezi Aprili, paa litaendelea kushusha maji, na maji hayo yakiachwa yatoke popote yatachimba korongo kwenye msingi wa mtu wa chini. Kabla ya kufukia bomba la kumwagia yaliyozidi, zungumzeni naye, mwonyesheni litakapopita, na mkubaliane lifike hadi kwenye mtaro wa barabara. Mtaani kwetu nyumba tatu zimechangia bomba moja la inchi sita kwa kazi hiyo, na mjumbe aliwekwa kuwa shahidi wa makubaliano, yaliyoandikwa na kusainiwa na wote watatu.