Haidrojeni bila platinamu
Wasee, hii stori ya kaboni imenishika kabisa. Kupasua maji kwa stima upate haidrojeni, kichocheo kikali (kitu cha kuharakisha hiyo kazi) bado ni platinamu na bei yake si mchezo. Grafini safi, yaani karatasi ya kaboni yenye unene wa atomu moja tu, peke yake haifanyi mengi, lakini ukitoa atomu kadhaa za kaboni uweke za naitrojeni, naitrojeni inavuta elektroni kwake, kaboni jirani inabadilika chaji, hapo ndio atomu ya haidrojeni inapata pa kushika, isishike sana wala isilegee sana, ndio gesi itoke. Platinamu bado iko mbele, tusidanganyane. Ila gunzi la mahindi linalotupwa pale Gikomba ukilichoma bila hewa unapata kaboni ya kuwekea hiyo naitrojeni, na stima ya mvuke wa ardhini ya kupasulia maji iko Olkaria kule Naivasha, maabara za vyuo vyetu Nairobi ziingie hii kazi!