Siku Moja Maishani Mwangu: Mtunza Ruhusa za Seva

Saa 2:10 asubuhi. Simu ya kwanza ni ya dada wa uhasibu. "Kaka, majina ya mafaili nayaona yote, lakini hakuna hata moja linalofunguka." Kauli hiyo inanionyesha pa kuanzia. Naingia kwenye seva, kompyuta inayotunza mafaili ya ofisi, kwa akaunti ya majaribio iliyo kwenye kundi lake (watumiaji wanaopewa ruhusa kwa pamoja), naandika ls -l, amri ya kuorodhesha mafaili na maelezo yake. Majina yamejipanga vizuri, ila kushoto kwake, pale panapokaa ruhusa, mmiliki, ukubwa na tarehe, zimejaa alama za kuuliza.

Folda ina 740: tarakimu ya kwanza ni ya mmiliki, ya pili ya kundi, ya tatu ya wengine, na kila moja ni jumla ya r (kusoma, 4), w (kuandika, 2) na x (1). Kundi lina r, halina x. Kwenye faili, x ni ruhusa ya kuliendesha kama programu. Kwenye folda, ni ruhusa ya kupita. Ukiwa na r peke yake unasoma orodha ya majina, basi. Naweka 750, kundi lipate x, mafaili yanafunguka. Natazama pia folda zote za juu yake kwa namei -l, amri inayoonyesha ruhusa za kila folda njiani, maana x ikikosekana hata kwenye moja njiani, hufiki.

Saa 4:00. Kijana mpya nimemwingiza kwenye kundi la mradi, bado anakataliwa. Atoke, aingie upya. Orodha ya makundi huchukuliwa wakati wa kuingia.

Saa 6:30 mchana. Hili limeniuma. Faili la bajeti limefutwa, na mwenyewe alikuwa ameliwekea 444, yaani wote wasome tu, ili lisiguswe. "Si nililifunga?" ananiuliza, na naona kweli amevunjika moyo. Alilinda yaliyomo tu. Jina la faili linakaa ndani ya folda, na kufuta ni kuliondoa jina hilo, kwa hiyo seva huangalia w na x za folda. Folda ilikuwa 2770, na 7 ya pili inalipa kundi ruhusa zote; mwenzake yeyote wa kundi angeweza kulifuta. Amri ya kufuta, rm, iliuliza mara moja, mtu akajibu ndiyo akidhani ni nakala ya zamani.

Narudisha nakala ya usiku. Kazi ya asubuhi ndiyo imepotea. Kisha nabadili folda iwe 3770: ile 2 ya mbele inafanya mafaili mapya yarithi kundi la folda, na 1 iliyoongezeka juu yake ikawa 3 inazuia mtu kufuta au kubadili jina la faili la mwenzake, kama ilivyo kwenye /tmp, folda ya mafaili ya muda inayotumiwa na wote. Siiweki kila mahali, kwa sababu programu nyingine huhifadhi kwa kuandika faili jipya na kulipachika jina la lile la zamani, na hapo zingekwama.

Saa 9:15 alasiri. Mtu amehamishia ripoti yake folda ya pamoja, lakini wenzake hawawezi kuifungua. Alitumia mv, amri ya kuhamisha. Ndani ya diski ileile, mv hubadilisha jina na mahali tu. Mmiliki, kundi na ruhusa vinabaki vilevile. Angetumia cp ya kawaida, amri ya kunakili, lingezaliwa faili jipya lenye kundi la folda, kwa ile 2 ya mbele. Natumia chgrp, amri ya kubadili kundi, yanaisha.

Saa 10:40. "Weka 777 tumalizane," ananiandikia mkuu wa kitengo, yaani kila mtu apewe ruhusa zote. Namjibu kwa heshima kwamba hapana, mkuu, nipe majina ya wanaohitaji niwaundie kundi. Ananitumia majina manne.

Saa 11:20 jioni. Kabla ya kutoka naendesha find -perm -0002, amri ya kutafuta palipoachwa wazi kwa yeyote kuandika, kwenye folda za pamoja. Zimetokea mbili zinazoandikika na yeyote. Moja nimeifunga, ya pili kesho namtafuta mwenyewe kwanza.