Nyaya Tatu za Manjano

Pantoni ya Kigamboni nimeipanda tangu nikiwa mgongoni mwa mama, kwa hiyo nilipotoka Dar kwenda Mombasa kwa pikipiki, feri ya Likoni haikunitia wasiwasi. Wasiwasi wangu wote nilikuwa nimeuweka mpakani Horohoro, kwenye mihuri na kadi ya njano ya bima, na pale nilipita chini ya saa moja. Kutoka Lunga Lunga hadi Ukunda ni lami na minazi, na kusi ilikuwa inanisukuma mgongoni. Ilikuwa Agosti. Nilikuwa naimba ndani ya helmeti.

Likoni nilifika saa tisa alasiri. Bodaboda zilikuwa zinapenya pembeni ya foleni na kwenda mbele, lakini mimi naendesha Honda Transalp ya 650 yenye masanduku mawili ubavuni, na upana wake haupishani sana na bajaji. Nikakaa nyuma ya lori la saruji dakika hamsini, nasogea hatua mbili, nasimama, injini ikinguruma polepole, taa zinawaka, feni ya rejeta inazunguka bila kupumzika. Feni hiyo nitairudia.

Ndani ya feri tuliambiwa tuzime injini. Nikazima. Upande wa kisiwani mlango ukashuka, watu wakaanza kumwagika, nikabonyeza stata. Tak. Nikabonyeza tena. Tak-tak-tak, kama kuku anayedonoa bati. Taa za dashibodi zikafifia mpaka zikapotea.

Yule aliyewahi kusukuma pikipiki ya karibu kilo 200, na mzigo wa wiki mbili juu yake, kupanda mlima wa kutokea kwenye feri huku mamia ya watu wanataka kupita, ndiye atakayenielewa. Mfanyakazi wa feri alikuwa ananipulizia filimbi kana kwamba nimegoma. Gari la nyuma likapiga honi. Nilifika hatua kumi, miguu ikaanza kuteleza, nikashika breki ya mbele na kubaki hapo nimeinama, siendi wala sirudi. Waliokuja kuniokoa ni mahamali wawili wa mkokoteni. Waliacha mkokoteni wao wenye magunia ya vitunguu ukiwa umezuiwa kwa jiwe, mmoja akashika sanduku la kushoto na mwenzake la kulia, wakahesabu moja-mbili, na chuma kikapanda. Hawakuniuliza natoka wapi, wala hawakusubiri asante yangu. Walirudi mbio kwenye vitunguu vyao.

Nilipofika juu nilikaa ukingoni mwa barabara na kitu kama uchungu wa kusalitiwa. Wikiendi tatu kabla ya safari, barazani kwangu Tandika, nilikuwa nimeifungua pikipiki hii yote. Au niliamini hivyo. Nilimwaga oili na kubadilisha chujio. Nilipima nafasi za valvu kwa fila, vile vibamba vyembamba vya chuma, injini ikiwa baridi, milimita 0.15 za kuingiza na 0.20 za kutolea moshi, moja moja, na injini hii ina valvu tatu kwa kila silinda, hivyo ni sita. Plagi nne zote mpya. Mnyororo niliuosha kwa mafuta ya taa na mswaki, nikauacha na ulegevu wa milimita 40. Mafuta ya breki nilibadilisha mbele na nyuma, mwanangu wa miaka kumi na moja akikanyaga na kuachia kila nikimwambia. Mke wangu alipoteza beseni moja na vitambaa viwili vya jikoni kwa ajili ya kazi hiyo. Na hiki chuma kikanifia ndani ya feri.

Karibu na pale palikuwa na fundi kijana mwenye kibanda. Aliunganisha ncha mbili za betri kwa spana, cheche ikaruka hafifu, akasema, "Betri imekwisha hii, broo." Jambo hilo tu. Hakupima kitu. Nami, nikiwa na mita ya umeme ndani ya sanduku la kulia, niliyoinunua kwa kazi hiyo hiyo, sikuitoa. Nilikuwa nimechoka, jua lilikuwa linanichoma shingo, na nilitaka mtu aniambie jambo lolote kwa uhakika. Akaniletea betri mpya kwa shilingi 7,500 za Kenya. Piga hesabu kwa ishirini: laki moja na nusu za kwetu. Betri yenyewe ilikuwa ndogo kuliko yangu, mpaka akaishindilia kipande cha tairi ili isicheze kwenye kisanduku chake. Ile ya zamani aliitaka abaki nayo. Nashukuru nilikataa.

Pikipiki ikawaka. Chumba nilichopata Majengo kilikuwa shilingi 2,500, feni iliyosimama, na maji ya bomba yenye chumvi kiasi kwamba sabuni haitoi povu. Elfu hamsini za kwetu kwa usiku mmoja wa kujipepea kwa kadibodi. Siku iliyofuata nilizunguka mji na sina mengi ya kuieleza: viazi karai, madafu, Fort Jesus kwa nje kwa sababu kiingilio cha mgeni kilinishinda moyo. Jioni, Mwembe Tayari, katikati ya matatu na mikokoteni, nilizima injini ninunue maji. Nikabonyeza stata. Tak.

Dereva wa tuk-tuk aliyeniona nimeweka kichwa juu ya tangi ndiye aliyenipeleka Bondeni. Alifunga kamba, akanivuta polepole, na njiani alisema neno moja tu juu ya mtu anayenipeleka kwake: "Yule huuliza kwanza."

Nilimkuta mzee wa kofia ya viua amekaa kwenye kigoda mlangoni kwake, jiko la makaa ubavuni, kahawa juu yake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa kikombe kabla hajaitazama pikipiki. Halafu akaanza kuuliza. Ilizima ikiwa mwendoni au baada ya kusimama? Baada ya kusimama. Mwendo mrefu barabarani ilikuwa na taabu? Hata kidogo. Ilipozima mara ya kwanza ulikuwa wapi? Kwenye foleni ya feri. Feni ilikuwa yazunguka? Ilikuwa inazunguka. Na taa hizi mbili za chini umezitia wewe? Nimezitia mimi.

Akatikisa kichwa, akagusa ile betri mpya kama mtu anayepapasa tumbo la mtoto. "Betri haina ugonjwa hii, mwanangu. Ina ndaa."

Alisema ndaa, yaani njaa, kwa Kimvita chao, na neno hilo lilinikaa. Betri yangu ya zamani nayo ilikuwa na ndaa tu, na mimi nilikuwa nimeinunulia mwenzake wa kufa naye.

Akaomba mita yangu. Tukaiwasha pikipiki kwa kuunganisha betri ya tuk-tuk. Injini ikiwa taratibu na taa zikiwaka, mita ilisoma volti 12.2. Nikavuta mafuta, ikapanda hadi 13.1 na kugoma hapo. Mfumo mzima ukiwa salama, hapo ingepaswa kufika 14 na kitu. Mzee akanieleza huku anafungua ubavu wa pikipiki: jenereta ya chuma hiki hutoa umeme kwa nyaya tatu, zote za manjano, zinakwenda kwenye regulita, na regulita ndiyo inayougeuza kuwa umeme wa kulisha betri. Waya mmoja ukikatika, jenereta haizimi. Hudhoofika. Kwenye barabara ndefu, injini inazunguka kwa kasi, kile kidogo kinatosha. Kwenye foleni, injini taratibu, taa kubwa, taa zangu mbili za ziada, feni ya rejeta, vyote vinakula kuliko kinachopikwa. Betri inajilipia yenyewe mpaka inaisha.

Nilipomsikiliza nilikuwa naiona ile foleni ya Likoni, dakika hamsini, na lori la saruji mbele yangu. Kila kitu kilikaa mahali pake.

"Ndoo uone," akasema, yaani njoo.

Chini ya kiti, nyuma ya ubavu wa kushoto, pana plagi ya plastiki inayounganisha nyaya hizo. Zamani ilikuwa nyeupe. Sasa ilikuwa na rangi ya kahawa aliyonipa, na upande mmoja umeyeyuka kama nta. Aliitoa kwa koleo, inang'ang'ania. Pini mbili zilikuwa na kutu ya kijani ya chumvi, na ya tatu ilikuwa nyeusi. Nilimwambia mimi naishi Dar, hewa ya bahari ni ile ile, na nimeosha pikipiki hii kila Jumapili. Akasema ndiyo hasa, maji unayoimwagia yanakwenda wapi? Pini inalegea kidogo, inapata joto, joto linailegeza zaidi, na mwaka baada ya mwaka inajiunguza polepole bila kumwambia mtu.

Mimi nilidhani basi, tukate tuunge. Mzee akakataa. Alitaka kwanza kujua kama jenereta yenyewe iko hai, maana kuifungua hiyo ni kumwaga oili na kutoa kifuniko cha ubavuni na gasketi yake, na gasketi ningeitoa wapi Mombasa siku ya Ijumaa jioni? Akaingia ndani akarudi na taa ya lori ya volti 24 iliyounganishwa kwenye nyaya mbili. Miaka mingi alifanya umeme wa malori ya bandarini, na taa hiyo ndiyo mita yake. Injini ikinguruma, akaigusisha pini ya kwanza na ya pili: ikawaka. Ya pili na ya tatu: giza. Ya kwanza na ya tatu: giza.

"Nani mgonjwa?" akaniuliza.

Nikasema wa tatu, maana yeye ndiye aliye katika jozi zote mbili zenye giza.

Akachuna mpira wa ule waya wa tatu kidogo, sentimita chache nyuma ya pini, akagusa shaba yenyewe. Taa ikawaka sawa na mwanzo. Jenereta nzima, pini imekufa. Sijui nieleze vipi furaha ya dakika ile. Nimefungua injini mara nyingi, lakini sijawahi kuona ugonjwa ukifukuzwa kutoka chumba hadi chumba namna hiyo, mpaka ukakosa pa kujificha, kwa taa moja ya lori.

Kilichobaki kilichukua saa mbili kwa sababu mzee hakubali haraka. Aliitupa plagi yote. Alikata nyaya tatu kwa urefu tofauti, wa kwanza mfupi, wa tatu mrefu, ili viungo visikae ubavu kwa ubavu na kugusana siku mpira ukichoka. Alisugua shaba hadi ikang'aa. Nondo yake ya kulehemu ni ya shaba, hana ya umeme, anaichomeka kwenye makaa chini ya birika la kahawa. Alilehemu kila kiungo, akakivisha mpira wake, akazungushia tepu. Kisha akafungua regulita, akakwangua rangi pale inapokaa juu ya fremu, akasema isipokaa vizuri kwenye chuma haipoi. Plagi nyingine zote alizoweza kuzifikia alizisafisha na kuzipaka mafuta ya mgando membamba. Wajukuu zake wawili walikuwa wamekaa chini wanatazama, na mdogo ndiye aliyekuwa anashika tochi, anaielekeza panapotakiwa kabla hajaambiwa. Nikamkumbuka wangu wa Tandika, ambaye wikiendi zote tatu nilimpa kazi ya kukanyaga breki tu, na kila alipouliza hiki ni nini nilimwambia subiri.

Mita: 13.8 injini ikiwa taratibu, taa zinawaka. 14.3 nikivuta mafuta.

Nikamuuliza gharama. Shilingi 800. Nilidhani amesahau sifuri. Nikampa elfu moja na mia tano, akarudisha mia tano, akasema hiyo nimpe dereva wa tuk-tuk aliyetoa betri yake. Yule kijana wa karibu na feri sikurudi kwake. Hasira niliyokuwa nayo juu ya ile 7,500 ilikuwa halali, lakini nusu yake ilikuwa yangu, kwa mita iliyokaa sandukuni.

Wakati wa kurudi watu wa Majengo walinishauri nizunguke Dongo Kundu niepuke foleni. Nilikataa. Nilitaka foleni. Nikafunga mita juu ya tangi kwa tepu, nyaya zake kwenye betri yangu ya zamani, ambayo mzee aliilaza kwenye chaji usiku mzima na kunirudishia. Foleni ilikuwa ndefu kuliko ile ya kwanza. Jua, moshi, feni ya rejeta ikaanza kuzunguka. 13.7. Muuza korosho alikuja akasimama, akatazama namba, akaniuliza ni ya nini, nikamweleza yote, nyaya tatu, taa ya lori, na yeye akasikiliza hadi mwisho. Ndani ya feri tukaambiwa tuzime. Nikazima. Upande wa Likoni mlango ukashuka, nikabonyeza stata, ikawaka kabla kidole hakijashuka vizuri.

Tandika nilifika usiku wa siku ya pili. Jumapili nilimwita mwanangu barazani, nikaondoa kiti na tangi, nikampa tochi na taa ya volti 24 niliyoinunua mtaa wa Gerezani kwa bei ya soda mbili. Kile kipande cha plagi kilichoungua nilikuwa nimekileta mfukoni. Alikigeuza-geuza, akanusa, akasema kinanuka kama waya wa pasi ya mama. Nikasimama kidogo, kisha nikamwambia akailete hiyo pasi.